Mabegi ya Katikati

3 Februari

Shangazi wangu mpendwa,

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia pale mlangoni kabla dereva hajapiga honi, mume wangu anakagua kila kitu, na usidhani natia chumvi. Tulipofika nyumbani, mimi bado nina maua kichwani, yeye akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akainama kutazama bawaba, kisha akasema, "Huu utaanza kulia mvua zikianza." Nikamwuliza, "Na mke je, hutamkagua?" Akasema mke alishapita zamani, kilichobaki ni yeye kujua kama atapita kwangu. Shangazi, nilisahau hata kuvua viatu.

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo. Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, dirisha linatazama uwanja ambapo malori ya kampuni hugeuzia, na kila asubuhi tunakunywa chai tumesimama hapo bega kwa bega, kwa sababu kiti ni kimoja na kila mtu anamwachia mwenzake. Mama anakusalimu, anasema majirani bado wanaizungumza shingo ya gauni la harusi uliyoishona. Kaka amepata kazi ya kupaka rangi majengo na ameanza kuringa.

Watu wakituuliza tulikutana wapi, naona haya kusema ni kwa zipu mbovu. Unajua mimi ni wa dawati la malalamiko. Mteja akija na begi lililochanika au chupa ya maji inayovuja, ananikuta mimi kwanza, ananifokea mimi kwanza, halafu nakipandisha kile kitu juu kwa mkaguzi wa ubora. Dukani wote walimwogopa. Walimwita Bwana Rudisha, maana mali ya fundi yeyote ikimfikia na kasoro hurudi ilikotoka, hata awe fundi wa nani. Siku ya kwanza nilipopanda na begi lenye zipu iliyokwama, alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akauliza, "Mteja alisema nini?" Nikasema, "Alitukana." Akasema, "Afadhali. Anayetukana atarudi. Anayenyamaza ndiye tumempoteza." Tangu siku hiyo nikawa naziombea zipu zikwame.

Lakini sikuandika leo kwa ajili ya mapenzi peke yake. Fundi aliyekuwa akitushonea mabegi ya shule ameacha, na kampuni inatafuta mwingine. Niliposikia hivyo nilikiona kile cherehani chako cha pili, ulichokifunika shuka tangu wateja wako wa sare walipohamia nguo za dukani. Nikawaona wale wasichana wako wawili uliowaaga huku unafuta macho, ukasema ni vitunguu, na siku hiyo hukuwa umepika. Ukipata kazi hii utawaita warudi. Kila anayeitaka hupewa kitambaa na begi la mfano, anashona furushi moja, linakaguliwa. Likipita, kazi ni yake. Sema ndiyo tu, Shangazi, na mimi mwenyewe nitakipakia kitambaa kwenye basi.

Ni mimi ninayetembea bila kugusa chini,
Chiriku


17 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikacheka hadi Fundi Soli akatoka kuuliza kuna nini. Unamkumbuka, yule mshona viatu wa mlango wa pili. Anasema umepata mume mwenye akili, kwa kuwa siku ya harusi alimwona ameinama pembeni anageuza kiatu chake kutazama soli. Mgongo haujambo. Paka wa jirani amezalia ndani ya kapu la vipande vyangu vya vitambaa na sina moyo wa kumfukuza. Mwambie kaka yako aringe taratibu, ngazi haina heshima.

Furahi mwanangu. Ndoa changa haidaiwi machozi na mtu.

Jibu langu ni ndiyo. Nimechoka kukaa nikisikiliza saa ya ukutani ikifanya kazi peke yake nyumba nzima. Wasichana nao nawakumbuka, hata zogo lao. Lete kitambaa. Ila nieleze vizuri, mumeo anatazama nini hasa? Kizuri chajiuza, najua, lakini hata kizuri kinapenda kujua kinakwenda kwa nani. Mimi sijazoea watu wa vipimo. Wateja wangu walikuwa wakivaa, wakijigeuza kwenye kioo, wakicheka, basi nimepita.

Shangazi yako


26 Februari

Shangazi kipenzi,

Shikamoo. Uliposema ndiyo niliruka hapa chumbani mpaka mtu wa ghorofa ya chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mwenzangu akasema ameshuhudia vitu vingi vikipimwa uimara, lakini sakafu kupimwa na mke wake ni mara ya kwanza. Mama ana mafua kidogo. Kaka anaendelea kuringa. Na mbona mistari ya barua yako inapanda kama ngazi? Ulikuwa unaandikia gotini?

Kitambaa kimepanda basi leo. Ni bluu ya kiza, na uzi ni wa aina mbili, mweusi kwa mishono ya ndani na mweupe kwa urembo wa nje.

Sasa sikia wanavyokagua, maana mimi huiba muda wa chakula cha mchana nikaenda kutazama. Kuna chumba kirefu chenye ndoano darini. Begi linatiwa mfuko wa mchanga, linatundikwa kwa mkanda wake, halafu linasukumwa lining'inie likiyumba mpaka jioni, kwa sababu anasema mtoto wa shule hatembei, anaruka. Zipu inavutwa kwenda na kurudi mpaka mkono uchoke. Wanachukua kitambaa cheupe chenye maji, wanasugua begi, wakiona rangi imehamia hapo hawana mjadala. Halafu wanaligeuza ndani nje. Hapo ndipo penyewe. Anasema nje ya begi ni maneno ya fundi na ndani ni roho yake. Shangazi, mtu anayesema hivyo kuhusu begi, fikiria anavyozungumza na mkewe. Sitaandika.

Na hili liwe kati yako na mimi. Hawakagui furushi zima, wanachagua machache tu. Mafundi wote huweka mazuri juu, na wajanja huyaweka juu na chini. Ndiyo maana yeye hutia mkono katikati, siku zote katikati. Aliniambia tukiwa dirishani na chai yetu. Sikwambii ufanye nini. Nimesema tu.

Wako, mwenye furaha isiyo na aibu,
Chiriku


20 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Usishtuke kuona hati ngeni. Mikono yangu imejaa uzi, kwa hiyo mimi nasema na Fundi Soli anaandika. (Hujambo bibi harusi. Mimi ni kalamu tu. F.S.) Mama yako anywe maji ya moto, aache kukaa kwenye upepo. Watoto wa paka wanatembea sasa, wanacheza na chaki yangu ya kuchorea.

Nimemaliza. Furushi limepanda basi asubuhi ya leo, nimelifunga kamba kwa mkono wangu. Kila asubuhi nilikitoa cherehani mlangoni, jua likihama nikakirudisha ndani nikaendelea. (Nilimwambia apumzike mchana. Alinirushia kifuniko cha bobini ya cherehani.) Wewe andika ninayosema, usiandike yako. (Ameniambia niandike hata hilo.)

Kuhusu lile la katikati, nililisoma. Sikuwa na haja nalo, lakini maadamu limeshasemwa, basi kila furushi lina katikati yake. Mabegi niliyoyashona asubuhi nimeyalaza pazuri.

Wale wasichana nimewatumia salamu. Sikuwaahidi kitu. Nimewaambia tu wasishike kazi nyingine kabla hawajanisikia. Kwa hiyo nijibu upesi, nami niwajibu.

Shangazi yako
(na kalamu yake)


4 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo sana. Sisi ni wazima kabisa. Mama amepona, anakula vizuri. Kaka ameacha kuringa, aliteleza kwenye ngazi, hakuumia, lakini ndoo ya rangi ilimwagikia msimamizi wake na sasa kila asubuhi anaamkia watu wote kwa adabu. Mwenzangu amenunua kiti cha pili. Hata hivyo bado tunasimama. Hali ya hewa ni nzuri. Dukani wametandika zulia jipya.

Furushi lako lilifika salama na kamba haikulegea. Mama Kucha, ambaye ni mkaguzi mwenzake mume wangu, ameusifu sana uzi wako mweupe. Amesema hajaona mstari ulionyooka vile.

Mengine nitaandika nikipata nafasi. Kazi ni nyingi.

Msalimie Fundi Soli. Wasalimie na paka.

Chiriku


13 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Tunaendelea. Kalamu ni ile ile.

Barua yako ina salamu nyingi kuliko harusi yako. Nilisomewa mara mbili nikitafuta neno "limepita", sikuliona. Kesho yake kondakta wa basi akanishushia furushi lenyewe mlangoni, watu wanatazama, karatasi imebandikwa juu: limekataliwa, mishono ya ndani.

Nguo yako ya kwanza ya shule niliishona mimi. Leo kazi yangu inarudishwa na kondakta, na wewe unaniandikia habari za zulia.

Shangazi yako

(Amenikataza kuongeza neno.)


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Mama na Kaka hawajambo, na salamu zangu leo zinaishia hapo.

Furushi lilipofika, mume wangu alisoma limetoka wapi, akalisukuma upande wa pili wa meza. "Hili si langu," akasema. "Huyu ndiye aliyemlea mke wangu. Nikilipitisha watasema, nikilikataa nitalala kwenye ngazi." Akamwita Mama Kucha. Ni mama mwembamba, mpole wa sauti, na jina hilo amepewa kwa sababu hupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila mshono kama mtu anayesoma. Na yeye, Shangazi, hachukui ya katikati. Huchukua la juu kabisa na la chini kabisa. Anasema furushi huanzwa mtu akiwa na haraka na hufungwa mtu akiwa amechoka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya mteja mkononi. Mkono wake ulipokwenda juu nilinywea kama shati lililofuliwa kwa maji ya moto.

Begi la juu, mshono wa ndani ulikuwa umetoka nje ya kitambaa, umeshona hewa. La chini lilipotundikwa na mfuko wake wa mchanga, mkanda ulikatika kabla Mama Kucha hajakaa kwenye kiti. Ikabidi wafungue furushi lote. Walipofika katikati, Mama Kucha aliinua moja, akainua jingine, akaanza kucheka. "Jamani," akasema, "miaka yote hii nimeona watu wakificha mabaya. Huyu ameficha mazuri."

Mume wangu hakucheka. Alinitazama mimi. Mdomo uliponza kichwa, Shangazi, sikuhitaji kuulizwa.

Nyumbani alikunja shati lake polepole sana, kisha akasema, "Chiriku, nikikwambia jambo la kazi, linakaa wapi?"

Nikasema, "Moyoni."

"Basi moyo wako una mlango wa nyuma."

Chai ya siku iliyofuata kila mtu alikunywa kwenye kiti chake. Kisha akavaa, akaenda kwa meneja kwa hiari yake, akamweleza kwamba siri ya ukaguzi imetoka nyumbani kwake mwenyewe. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akijua. Nililia, na usinicheke, katikati ya kulia nilimpenda zaidi ya siku ya harusi. Mtu ambaye hadanganyi hata kwa ajili yangu, nitaogopa nini tena duniani?

Meneja amesema utapata nafasi ya pili kama fundi mwingine yeyote. Lakini kwa sababu yangu hawatachagua machache. Watakagua furushi zima, begi kwa begi, na likianguka moja yameanguka yote. Yakianguka, wataita fundi mwingine.

Liko jambo moja bado. Kabla hayajarudishwa, mume wangu aliomba ayatazame, si kwa kuyapima, ayatazame tu. Aliyapanga juu ya meza ndefu akayazunguka. Jioni akaniambia, "Uzi mweupe umenyooka kwenye yote, hata yale mabovu. Uzi mweusi umenyooka kwenye ya katikati peke yake. Mkono ni ule ule, cherehani ni kile kile, kitambaa ni cha kiza." Kisha akasema, "Mwulize kwa upole kama anaona."

Shangazi yangu, unaona?

Mtoto wako aliyekosa,
Chiriku


18 Mei

Kwa bibi harusi,

Salamu kwako na kwa mumeo. Hapa tu wazima. Watoto wa paka wamegawiwa majirani, mmoja nimebaki naye mimi, anatafuna ncha za kamba za viatu vya wateja.

Leo kalamu inaandika bila kutumwa.

Barua yako ile ndefu nilimsomea mimi. Tulipofika lile swali la mwisho alisema, "Inatosha," akasimama, akavifunika vyerehani vyote viwili. Barua zako mbili zilizofuata ziko chini ya mto wake, hazijafunguliwa. Hakuna wa kumsomea ila mimi, na kwangu alikuwa amenuna.

Nikwambie ninalolijua. Tangu mwaka jana alikuwa akija kwangu na sindano nimtungie uzi. Anasema mwanga wa kibandani kwangu ni mzuri kuliko wa kwake. Nilitunga. Sikuuliza. Nilipenda aje. Kwa hiyo na mimi nina sehemu yangu katika kunyamaza huku. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini mimi sikutaka tuwasubiri wahenga. Nikaenda nikamwambia, "Mama, kiatu kikiletwa kwangu soli imetoboka, simwambii mwenye kiatu kwamba hajui kutembea. Nabadilisha soli."

Akasema, "Ondoka mlangoni kwangu, unanizibia jua."

Nikaondoka. Siku kadhaa nilisikia tu redio yake kupitia ukutani. Juzi asubuhi akabisha hodi, amevaa viatu vya kutokea na ameshika mkoba. "Unakuja au huji?" akauliza. Sikuuliza wapi. Tulikwenda kwa daktari wa macho. Herufi kubwa za juu aliziona, zilizobaki alizitunga kutoka kichwani, na zingine zilikuwa matusi. Daktari alicheka sana. Miwani itakuwa tayari karibuni.

Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia.

Fundi Soli


14 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba, za siku zote ulizoamkia bila kuitikiwa. Itazame mistari yangu. Hii ni hati yangu mwenyewe na haipandi kwenda popote.

Najua Fundi Soli alikuandikia. Nilimkuta na wino kidoleni, na huyu hana kazi nyingine ya wino. Mama yako ameniletea salamu, nimezipokea. Mwambie kaka yako nimefurahi kusikia ngazi imemfundisha.

Sasa nikwambie. Siku nilipovaa miwani, kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi. Nyumba hii niliyokuwa nikiisifu kwa usafi, mwanangu, nilikuwa nafagia kwa kukisia. Kitu cha pili ni Fundi Soli. Ana kidoti juu ya mdomo. Tumekaa mlango kwa mlango miaka nenda miaka rudi na hajawahi kuniambia. Nilimtazama hadi akajichoma na msumari.

Kitu cha tatu ni mabegi. Niliyafungua yale mabovu, nikayaona, nikaona aibu peke yangu chumbani. Kisha nikayafumua yote. Halafu nikachukua yale ya katikati, mnayosema ni mazuri mno, nikapitisha ukucha kama huyo mama yenu. Mshono umenyooka, ndiyo. Lakini pale mkanda unapoungana na mgongo nilikuwa nimepitisha uzi mara moja tu, kama kwenye begi lenu la mfano. Ungeshika, sikatai. Ungeshika mpaka mtoto aongezewe vitabu. Nikayafumua na hayo. Fundi Soli akasema, "Mama, hayo si walisema yamepita?" Nikamwambia, "Yalipita kwao."

Nimeyashona upya mchana kweupe na nimeyashona jioni, yote sawa.

Sasa lile swali lako. Niliogopa. Nalisema mara moja tu, usinirudishe hapo. Fundi wa nguo akisikika haoni, hata mtu wa kupunguziwa pindo hapiti tena mlangoni. Nikaona afadhali waseme mzee huyu amekuwa mvivu. Mwambie mumeo aliuliza kwa adabu. Na mwambie alikukaripia kidogo mno, kwa hiyo mimi namalizia: mambo ya kazi ya mume si mtama wa kumwaga penye kuku wengi. Nami ndiye kuku aliyeudonoa, basi aibu tugawane nusu kwa nusu.

Msichana wangu mmoja ameitwa kwenye duka la mapazia. Amewaomba wamsubiri hadi mwisho wa mwezi ujao, kwa ajili yangu. Sijui nimwambie nini, na safari hii sitamwambia lolote kabla yenu.

Furushi limepanda basi. Sikulipanga. Niliyachanganya nimevua miwani na kufumba macho, Fundi Soli shahidi.

Shangazi yako, anayekuona hata huko uliko


5 Julai

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, Kaka hajambo, sisi hatujambo, dunia nzima haijambo, sasa nisikilize.

Jana walilifungua. Meneja alishuka mwenyewe. Watu wa ghalani waliacha kupakua lori, wakajipanga ukutani kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Mume wangu hakuingia. Alisimama koridoni, ameegemea mlango kwa nje, na mimi niliyekatazwa kugusa wala kusema chochote nikasimama ndani, nimeuegemea mlango ule ule. Mbao moja katikati yetu. Nilikuwa namsikia anapumua.

Mama Kucha aliyachukua moja moja. Aligeuza ndani nje, akapitisha ukucha, akaweka kushoto. Kushoto maana yake limepita. Kulia palikuwa na meza tupu, na macho yangu hayakuondoka kwenye ile meza tupu. Kushoto, kushoto, kushoto. Kisha akafikia begi moja, ukucha ukasimama. Akalipeleka dirishani. Akalivuta. Akaita mkasi. Shangazi, nilisema moyoni, basi, duka la mapazia limeshinda. Naye akakata ncha ya uzi iliyobaki nje, akaipuliza kidoleni, akaliweka kushoto.

Halafu ndoano. Zilikuwa hazitoshi, wakatundika hata kwenye bomba. Chumba kizima kikawa mabegi yanayoyumba, nasi tukapita chini yake tumeinama. Dawati langu la malalamiko lilibaki bila mtu mpaka mteja mmoja akanifuata ndani kulalamika kwamba hakuna wa kumlalamikia. Alipoona yale mabegi alisahau shida yake, akauliza yanauzwa lini.

Jioni yalishushwa. Hakuna mkanda uliokatika, hata mmoja. Mama Kucha alikaa, akavitazama vidole vyake, akasema, "Leo kucha zangu zimekosa kazi." Kisha akalichukua begi la mfano la kampuni, akalilaza kando ya lako, akamwita meneja aone pale mkanda unapoungana na mgongo. "La kwetu lina uzi mara moja," akasema. "Huyu ametia mara tatu na msalaba juu yake. Nani alimwagiza?" Hakuna aliyemwagiza, nikasema, na hapo ndipo nilipovunja amri ya kutosema kitu. Meneja akayavuta yote mawili, lako na la kampuni. La kampuni likaanza kulegea mkononi mwake. Akaliweka meza ya kulia, Shangazi. Ile meza tupu. Akachukua lako akalitundika kwenye msumari wa begi la mfano, akasema kuanzia sasa kila atakayetushonea atashona kama hili.

Nilifungua mlango kwa nguvu nikamwangukia mume wangu, ambaye alikuwa bado ameuegemea, nusura tuanguke wote. Akauliza, "Limepita?" Nikamwonyesha msumari. Na huyu mtu, ambaye hata kwenye picha za harusi alisimama kama nguzo ya umeme, alinishika mkono mbele ya watu wote wa ghalani, akanizungusha. Walipiga makofi. Mmoja akasema, "Bwana Rudisha leo amerudishwa utotoni." Asubuhi ya leo tulikunywa chai dirishani, kikombe kimoja, kwa makusudi.

Ameniomba nikuandikie neno moja kutoka kwake. Anasema katika miaka yake ya kazi amewaona mafundi wengi wakitengeneza kilichokataliwa, ila hajawahi kumwona aliyefumua kilichopita. Alipomaliza kusema hivyo alijifanya anatafuta kalamu.

Kwa hiyo waite wasichana. Waite leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii, huyo wa mapazia kwanza. Kile cherehani cha pili kitie mafuta. Na Fundi Soli umwambie kwamba mtu hatazamwi mpaka anajichoma na msumari halafu mambo yakaisha hivi hivi. Sisemi zaidi, nimejifunza kufunga mdomo.

Kampuni ina utaratibu kwamba kazi haianzi mpaka mkaguzi akione chumba cha kushonea, aone mwanga unaingia wapi na mtu anakaa vipi. Mume wangu amekataa kupangwa, amesema yeye ni mkwe na mkwe hana macho. Mama Kucha ndiye atakayekuja na majora ya kitambaa. Sisi wawili tumeomba likizo na tiketi tayari ninazo. Yeye atakagua chumba, sisi tutakuja kukuamkia na kukukumbatia mpaka miwani ipinde. Tandika mkeka, Shangazi. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni pako.

Mwanao,
Chiriku